Kukinga Si Kuongeza: The Song of the Cell kwa msomaji wa Mbagala

The Song of the Cell cha Siddhartha Mukherjee kilitoka mwaka 2022 na kimeshasifiwa vya kutosha na watu wenye majina. Pambio halihitaji sauti yangu. Mimi nataka kuzungumzia neno moja tu, neno ambalo kitabu hiki kinalisumbukia kurasa kwa kurasa na ambalo sisi huku tunalitumia kama chumvi: kinga.

Kwa ambao hawamjui, Mukherjee ni daktari wa saratani, mzaliwa wa New Delhi, anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wengi tulimfahamu kwa The Emperor of All Maladies, historia ya saratani iliyompa Tuzo ya Pulitzer mwaka 2011. Kile kilikuwa kitabu cha mfalme na vita vyake. Hiki mhusika wake mkuu ni mdogo hadi haonekani kwa macho: seli. (Nikikifasiri jina nitasema Wimbo wa Seli, na najua kuna msomaji atakayefikiria selo ya polisi. Hakosei sana. Robert Hooke alipoangalia kipande cha gamba la mti kwa hadubini mwaka 1665 akaona vijumba vimepangana, akavipa jina la vyumba vidogo. Selo na seli zimeingia kwetu kwa milango miwili, lakini ni mtoto wa mama mmoja.)

Mwanzoni kabisa anatukutanisha na wagonjwa wawili, na kwa maoni yangu kitabu kizima kinakaa juu ya hao wawili, hata pale mwandishi anapotupeleka kwa Wadachi wa karne ya 17 na kuturudisha kwenye korona.

Wa kwanza ni Emily Whitehead. Alikuwa na miaka 6, na saratani ya damu ilikuwa imeshamrudia mara mbili baada ya tiba za kawaida. Madaktari wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, wakitumia kazi ya Carl June na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichukua damu yake, wakachambua humo chembe nyeupe ziitwazo seli T, wakazipachika jeni mpya ya kuzifanya ziitambue alama iliyo juu ya seli za saratani yake. Wakazizalisha maabara zikawa mamilioni. Aprili 2012 wakamrudishia mwilini kwa dripu. Siku chache baadaye mtoto yuko chumba cha mahututi, anapumuliwa na mashine, homa imepanda, presha imeshuka. Si saratani iliyokuwa inamuua wakati huo. Ilikuwa kinga yake mwenyewe. Kilichomwokoa ni dawa ya baridi yabisi, dawa ambayo June aliifahamu kwa kuwa binti yake alikuwa na ugonjwa huo. Emily akazinduka siku anayotimiza miaka 7, na saratani haikurudi.

Wa pili ni rafiki wa mwandishi, anayetajwa kwa jina la Sam P. Ana saratani ya ngozi iliyosambaa. Yeye anapewa dawa za aina nyingine, zile zinazoondoa breki kwenye seli T ili zishambulie saratani, ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Breki zinaondoka kweli. Seli zinakwenda kwenye uvimbe, na zinakwenda pia kwenye ini. Ukizipa breki tena ili ini lipone, saratani inapata nafasi. Ukiziachia, ini linakwisha. Sam anafariki.

Sasa, ukishasoma habari za hawa wawili, jaribu kusimama stendi ya Mbagala Rangi Tatu saa moja jioni. Utamkuta kijana mwenye kispika na meza ya chupa, na kispika kinarudia maneno yale yale: inaongeza kinga, inapandisha kinga, inaimarisha kinga. Nilimuuliza mmoja, kinga ya nini hasa? Akanijibu, "Ya kila kitu, dada." Nisimcheke peke yake. Fungua ukurasa wa afya wa gazeti lolote la Kiswahili tiba hizi mpya zikitajwa, na utaona kitenzi ni hicho hicho: kuongeza. Wanasayansi wagundua njia ya kuongeza kinga. Kana kwamba kinga ni mafuta kwenye tangi, na mgonjwa ni gari lililokwama Kongowe.

Hapa ndipo nadhani Mukherjee anatufaa kuliko anavyojua mwenyewe. Yeye anaandika Kiingereza, na Kiingereza chake kimejaa askari, doria, mapambano, kama vile vya wengine wote. Lakini anapofika kwenye sura za seli T anatulia. Sura moja inahusu namna seli hiyo inavyopambanua, nyingine inahusu namna inavyovumilia, yaani inavyojizuia isile mwili wenyewe. Hiyo ya pili ndiyo roho ya kitabu. Anaonyesha kwamba kazi ngumu ya kinga ni kujua nani si adui, kuliko hata kupigana. Na saratani ni mtu wa nyumbani. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, na sidhani kuna maelezo mafupi zaidi ya kwa nini seli T inaipita saratani mlangoni na kuisalimia. Ukiwaongeza walinzi mara kumi, wote watasalimia.

Na ukilitazama vizuri, neno letu lilikuwa linajua hili kabla hatujaliharibu. Mvua ikinyesha tunakinga maji. Jua likitupiga usoni tunakinga kwa mkono. Kukinga ni kuweka kitu mahali pake, kwa wakati wake, kikielekea kunakotoka jambo. Ndoo ikikaa kando ya mchirizi wa bati, hata iwe pipa, haitapata tone. Walichofanya Philadelphia ni kusogeza ndoo. Hizo seli T Emily alikuwa nazo tayari. Walizipa uso wa kuelekea. Ilipotokea kwamba zimeelekea na tena zimezidi, ndipo akakaribia kufa. Mfasiri atakayekitia kitabu hiki katika Kiswahili asiache hazina hiyo ikapotea kwa kuandika kuongeza kinga kila mahali.

Kuna sababu nyingine neno hili ni zito kwetu. Watu wa rika langu hatukukutana na kinga kwenye somo la baiolojia. Tulikutana nayo ndani ya UKIMWI: Upungufu wa Kinga Mwilini. Tukasoma Kilio Chetu, tukasoma Orodha ya Steve Reynolds, tukajibu maswali ya mtihani kuhusu dhamira na ujumbe. Katika tamthilia zile ugonjwa unakuja na somo la mwenendo. Kuna aliyekosea, kuna mzazi aliyenyamaza, kuna jeneza. Sizibezi. Ziliandikwa watu wanazikwa kila wiki, na zililenga kuokoa vijana, si kupata tuzo. William Mkufya alipotoa Ua la Faraja mwaka 2004 aliupa ugonjwa huo nafasi pana zaidi, mtu mgonjwa akawa na fikra na mapenzi na hasira zake. Lakini kirusi chenyewe, katika maandishi yetu yote hayo na katika mabango yote ya barabarani, kilibaki na sura moja: mwuaji.

Basi shika hili. Kirusi kilichotumika kuipeleka jeni mpya ndani ya seli za Emily Whitehead kilitengenezwa kutokana na VVU. Virusi vya UKIMWI vyenyewe. Vilinyofolewa sehemu za kuzaliana na kuleta ugonjwa, vikahasiwa, vikaachiwa ufundi wao mmoja wa kutisha: kuingia ndani ya seli T na kupachika maagizo kwenye jeni zake. June alikuwa ameutumikia utafiti wa VVU miaka mingi kabla, na seli T za mwanzo za kubadilishwa jeni zilijaribiwa kwa watu wenye VVU katika miaka ya 1990. Kwa msomaji wa New York hiyo ni habari ya kiufundi, ya kuvutia, anafungua ukurasa unaofuata. Mimi nilifunga kitabu. Kile kilichotuzikia majirani kimegeuzwa mpagazi. Kimefungwa mzigo begani kama wale waliotembea kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na njia anayopita ni ile ile aliyoijua wakati wa uharamia wake. Laiti ningekuwa mtunzi wa riwaya ningeacha yote nikaandike hicho.

Nilijaribu kukisimulia kwanza kwa mdomo. Kuna mama mmoja, jirani yetu, ana saratani ya titi na ameshaanza tiba Ocean Road. Alitumiwa kwenye simu video fupi ya mtoto wa Kizungu aliyepona kwa damu yake mwenyewe, akaniletea. "Mwanangu, wewe unasoma haya mambo. Hii ipo?" Nikachukua kitabu, nikakaa naye barazani, nikawa nafasiri kurasa tatu nne papo kwa papo. Kwenye seli T hatukupata shida. Alama juu ya seli nikaifananisha na mhuri, akaelewa mara moja. Nilipofika kwenye kirusi akanyanyua mkono.

"Subiri kwanza. Kwa hiyo wanampa UKIMWI?"

"Hapana, mama. Kimeondolewa sumu."

"Nani kahakikisha?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoyasoma kwenye tahakiki za Kiingereza. Nikamweleza ninavyojua, kwamba kipande cha kuzaliana hakimo, kwamba hukaguliwa kabla ya kumrudia mgonjwa. Akasikiliza kwa adabu ya mtu asiyeshawishika. Kisha akauliza lililokuwa linamleta: na la titi je? Ikabidi nimwambie kweli. Tiba hii imefanikiwa kwenye saratani za damu, kwa kuwa seli zake zina alama ambayo mwili unaweza kuvumilia kuipoteza. Uvimbe wa titi au wa ini una alama zinazofanana mno na za viungo vizima, na humo ndani seli T hata kupenya ni shida. Utafiti unaendelea. Akasema, "Haya." Akaniuliza kama nimekula.

Sijui Mukherjee angeliandikaje "haya" lile. Yeye ni bingwa wa kitanda cha mgonjwa, hilo nampa mia kwa mia. Anajua kunyamaza, anajua kumwacha mgonjwa aseme kitu kidogo cha kijinga kinachokuvunja moyo. Anapolegea ni kwenye umbali. Katika kitabu chake mgonjwa na maabara wako mtaa mmoja. Swali la mtu aliye mbali, anayeiona tiba kwenye kioo cha simu, halina sura. Bei ameijadili kwa kirefu penginepo, katika makala yake ya The New Yorker ya mwaka 2019, na ni makala nzuri. Humu kitabuni bei si mhusika. Kwetu bei ndiyo mhusika wa kwanza kuingia jukwaani. Tiba aliyojaribiwa Emily ilipoidhinishwa Marekani Agosti 2017 iliwekwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni moja. Miaka sita kabla ya hapo nusu ya nchi ilikuwa barabarani kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500. Wanaopenda kuwacheka waliokwenda Loliondo wazitazame namba hizi mbili kwanza.

Msomaji ajue pia kwamba mwandishi hayuko pembeni ya biashara hii. Ni mmoja wa waanzilishi wa Immuneel, kampuni ya Bengaluru inayotengeneza tiba za seli za namna hii kwa ajili ya India. Sisemi hilo kumshusha. Kwa kweli naona ndiyo riwaya aliyoacha kuiandika. Mwaka 2023 India iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii iliyotengenezwa hapo hapo, zao la watafiti wa IIT Bombay, kwa bei ya takribani dola 50,000. Bado ni nyumba nzima Chamazi, na kiwanja cha jirani. Lakini ni karibu sehemu ya kumi tu ya bei ya Marekani, na India ndiko Watanzania wenye uwezo na wenye rufaa wamekuwa wakikimbilia miaka yote. Hadithi ya namna bei ilivyoshuka, nani alifanya kazi usiku, mashine ipi iliachwa na ipi ikaundwa kienyeji, ingekuwa na mvuto kwetu kuliko kumtembelea tena Leeuwenhoek na matone yake ya maji.

Kuna lingine, na hili si la Mukherjee peke yake, ni la vitabu vya namna hii karibu vyote. Ramani yake inaanzia kwingine. Nikisoma habari za Emily akili yangu ilikuwa inakwenda Mulago, Kampala. Hapo daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya, akaandika makala yake mwaka 1958. Mwaka 1961 akapanda gari kuukuu na wenzake wawili, wakapita Tanganyika na kushuka hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakiuliza kama uvimbe huo upo. Vipande vya uvimbe vikawa vinapandishwa ndege Entebbe kwenda London kwa Anthony Epstein, na mwaka 1964 kikaonekana humo kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Na seli zinazoharibika katika ugonjwa wa Burkitt ni za ukoo ule ule, seli B, zenye alama ile ile ambayo seli za Emily zilifundishwa kuitafuta. Watoto wa Mulago walichangia miili yao katika elimu hii nusu karne kabla ya Philadelphia. Majina yao hayamo popote.

Anayetaka upande huo wa ramani amsome Marissa Mika, Africanizing Oncology, cha mwaka 2021. Ni kitabu cha kitaaluma, kina ugumu wake, hakina wimbo. Kinahusu Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanza mwaka 1967, na namna wodi ile ilivyoendelea hata siku za Amin, dawa zinapungua, wataalamu wa nje wameondoka, Waganda wenyewe ndio walioshika usukani. Nilipovisoma viwili pamoja niliona kila kimoja kinadai kilichomo kwa mwenzake. Mukherjee ana sentensi, Mika ana korido. Ningepata mwandishi mmoja wa Kiswahili mwenye vyote viwili nisingelalamika tena.

Mali ghafi ipo. Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu wakaanza kupandikizwa mwaka 2023: seli za ndugu zinaingia kwa dripu na kujenga damu mpya. Hiyo si tiba ya Emily, lakini ni binamu yake. Na kuna jambo dogo zaidi ambalo limeshapita mikononi mwa mabinti zetu wa shule bila mtunzi kugeuka. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Aina yake moja maarufu hutengenezwa kwa kuipachika jeni ya kirusi ndani ya hamira, hamira ya ukoo ule ule unaoumua maandazi, nayo ikatoa ganda tupu la kirusi, lisilo na kitu ndani. Kinga inaonyeshwa ganda, inakariri sura. Mwanza wasichana 930 walishiriki utafiti uliosaidia kuonyesha kwamba dozi moja yaweza kutosha. Mitaani tulikuwa tunabishana kama sindano hiyo inafunga kizazi. Uvumi ulipata wasimulizi hodari siku ile ile. Hamira bado inamsubiri wake.

Kitabu kina zaidi ya kurasa 400. Asiye na muda asome utangulizi wa Emily na Sam, aruke historia ya hadubini bila majuto, aende moja kwa moja kwenye sura za seli T, kisha sura ya korona, ambayo ina unyenyekevu mzuri wa daktari aliyezidiwa. Sura za neva na moyo ni za kupendeza ila zinaweza kungoja likizo. Nakala yangu ipo kwa jirani sasa hivi. Kiingereza hakisomi, anamtumia mjukuu wake wa kidato cha nne, na jana alinitumia ujumbe wa sauti kuuliza kama yule Sam alikuwa na watoto.